Mko Wapi? Somo juu ya Anuani za Maneno na Kuita Msaada Mashambani



Somo la toleo hili limetoka kwenu wenyewe. Matawi kadhaa yametuandikia kuuliza habari za "anuani ya maneno matatu" ambayo vijana wanayo katika simu zao za mkononi. Mnauliza kama chama kiitumie pale mwenzetu anapoumia kazini, mbali na barabara kuu. Tumekaa, tumesoma, tumeulizana, na sasa tunawaletea majibu. Tunawaomba viongozi wa matawi wasome somo hili kwa sauti mkutanoni, kwa kuwa si kila mwanachama anapata nakala yake.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe.

1. JIONI MOJA SHAMBANI

Ajali hii ilitokea katika shamba la chai ambako baadhi yetu wa kamati ya elimu tulikuwa kazini. Karibu saa kumi na mbili jioni, trekta lililokuwa likivuta trela ya majani lilipinduka kwenye mteremko. Dereva akabanwa mguu. Mwenzetu mmoja alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Aliyepokea akauliza: "Mko wapi?" Akajibiwa: "Fildi kumi na mbili, juu ya mto."

Jibu hilo lilikuwa la kweli. Lakini shamba lile zamani lilikuwa mashamba mawili, na yalipounganishwa kila upande ulibaki na namba zake. Kwa hiyo fildi namba 12 ziko mbili, na zote ziko juu ya mto, moja ng'ambo hii na nyingine ng'ambo ile. Gari lilikwenda ng'ambo ile. Sisi tuliziona taa zake, na dereva wake aliziona tochi zetu. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, ikambidi arudi mpaka barabara kuu na kuzunguka. Alipotufikia giza lilikuwa limekwisha kuingia kabisa.

Katika kundi letu palikuwa na kijana mwenye ile anuani ya maneno matatu katika simu yake. Aliyataja maneno yale mara mbili, kwa sauti kubwa. Aliyepokea simu hakujua ni maneno ya nini. Alidhani kijana amechanganyikiwa kwa hofu, akamwambia atulie ampe simu mtu mzima.

Mwenzetu yule alipona, lakini mguu wake ulikatwa.

Hatuelezi haya ili kumlaumu aliyepokea simu, wala dereva wa gari, wala kijana. Kila mmoja alifanya alilolijua. Tunaeleza kwa sababu siku ile kifaa kilikuwepo mkononi mwetu, lakini makubaliano hayakuwepo. Hilo ndilo somo letu lote, na yanayofuata ni maelezo yake.

2. ANUANI NI MAKUBALIANO

Mjini nyumba ina namba na barabara ina jina. Mashambani tunaelekezana kwa mwembe, kwa duka la fulani, kwa mlango wa zahanati ya zamani. Maelekezo hayo yanatosha kwa jirani. Hayamtoshi mgeni anayeendesha gari usiku.

Jambo hili si geni kwa wafanyakazi. Wazee wetu wa reli walilimaliza zamani. Walipojenga njia kutoka Mombasa walihesabu maili kuanzia pwani, na kila mahali pakajulikana kwa namba yake. Nairobi yenyewe, kabla haijawa mji, ilikuwa maili 327 kutoka Mombasa. Kwenye barabara nako tumezoea kuwasikia watu wakitaja mahali kwa maili. Huko Tanzania, Kibaha Maili Moja hata leo ni jina la mahali. Namba ya maili ilifaa kwa sababu moja: namba iliyoandikwa kwenye jiwe ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa katika daftari la ofisi. Fundi wa njia na mtu wa ofisini walisoma kitu kimoja.

Basi tukumbuke, anuani yoyote, iwe ya namba, ya herufi au ya maneno, ni makubaliano ya watu wawili: anayeita na anayeitwa. Mmoja akiwa nayo na mwingine hana, hiyo si anuani.

3. MANENO MATATU HUFANYAJE KAZI

Mfumo unaojulikana zaidi unaitwa what3words. Ulianzishwa London mwaka 2013 na Chris Sheldrick pamoja na wenzake. Kabla ya hapo Sheldrick alikuwa akiandaa maonyesho ya muziki, na mara kwa mara wanamuziki na vyombo vyao walipotea njiani. Alijaribu kuwapa namba za ramani, yaani latitudo na longitudo. Ameeleza hadharani kwamba huko Italia dereva alikosea tarakimu moja, akashusha vyombo mwendo wa saa moja kaskazini ya Roma, badala ya saa moja kusini yake. Ndipo akaona kwamba watu hushika maneno kuliko tarakimu.

Mfumo huo umeigawa dunia yote katika miraba midogo ya mita 3 kwa mita 3, nao kila mraba umepewa maneno matatu. Tufanye hesabu pamoja. Uso wa dunia, bahari na nchi kavu, ni kilometa za mraba kama milioni 510. Ukigawanya kwa mita za mraba 9, unapata miraba kama trilioni 57. Maneno ya kutosha yatatoka wapi? Orodha ya Kiingereza ina maneno kama 40,000. Ukiyapanga matatu matatu, 40,000 mara 40,000 mara 40,000, unapata mipango trilioni 64. Inatosha na kubaki.

Kwa hiyo mahali pa ajali panaweza kuitwa, tuseme, kalamu.jembe.sufuria. (Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo tu, msiutafute.) Simu hupokea ishara za setilaiti, ikajua iko wapi, halafu programu inabadilisha mahali hapo kuwa maneno. Kazi hii inaweza kufanyika hata pasipo intaneti, mradi programu imekwisha kuwekwa katika simu. Lakini ili maneno yamfikie mtu mwingine, hapana budi uwe na mtandao wa kupiga simu.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha za mfumo huu. Hata hivyo tuangalie jambo moja ambalo wengi hawalijui: maneno ya Kiswahili si tafsiri ya maneno ya Kiingereza. Kila lugha ina orodha yake na mpango wake. Ukimtajia mpokea simu maneno ya Kiswahili, naye akayatafsiri kwa Kiingereza kwa nia njema, atapata mahali pengine kabisa. Maneno yaandikwe kama yalivyotajwa, katika lugha yake.

4. WAPI IMESAIDIA

Nchini Uingereza, polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa wengi wamekubali kupokea anuani hizi. Mwaka 2019 kundi la watu lilipotea usiku katika msitu wa Hamsterley, County Durham. Walipopata mahali penye mtandao walipiga 999. Polisi waliwaambia waweke programu ile katika simu, wakataja maneno matatu, na waokoaji wakawafikia. Tazameni vizuri: aliyeleta habari ya maneno matatu alikuwa mpokea simu. Yeye alikuwa anaujua mfumo, na kompyuta yake ilikuwa tayari.

Afrika Kusini, katika KwaNdengezi karibu na Durban, ambako nyumba nyingi hazikuwa na anuani, shirika la Gateway Health Institute lilitumia maneno matatu ili magari ya wagonjwa yawafikie watu, hasa akina mama wajawazito. Mama anayejua maneno ya nyumba yake kabla uchungu haujaanza hana haja ya kueleza njia wakati wa maumivu.

Kwa jirani zetu Tanzania kuna njia nyingine, nayo inafaa tuijue. Mpango wa m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, una namba ya bure, 115, kwa ajili ya wajawazito na watoto wachanga wenye hali ya hatari. Pasipo gari la wagonjwa karibu, mpokea simu humwita dereva wa kawaida wa sehemu ile aliyekwisha kusajiliwa, naye hulipwa kwa njia ya simu. Nguvu ya mpango huo ni dereva mwenyeji ambaye vijia anavijua.

5. WAPI INAKOSEA

Sasa tuseme na upande wa pili, maana chama kisichosema upande wa pili kinawadanganya wanachama wake.

Kwanza, matamshi na tahajia. Mwaka 2021 chama cha waokoaji wa milimani cha Uingereza na Wales kilieleza kwamba katika muda wa miezi 12 kilikuwa kimepewa anuani za maneno 45 zilizokuwa na makosa. Sababu zilitajwa kuwa ni tahajia na lafudhi za watu. Mwaka huo huo, mtaalamu wa usalama wa kompyuta Andrew Tierney alionyesha kwamba kuna anuani nyingi zinazofanana sana, kwa mfano zilizotofautiana kwa herufi ya wingi tu, na ambazo haziko mbali mbali kama inavyodhaniwa.

Ikiwa Waingereza wanakosea Kiingereza chao, sisi tujitazame. Katika mashamba yetu anachuma chai Mkiga, Mnyankole, Mganda, Mlugbara, Mwalur na Mnyarwanda, na kila mmoja huja na ulimi wa nyumbani kwao. Wapo wasiotenga "l" na "r". Kwao "kalamu" na "karamu" ni neno moja, na "mahali" yaweza kusikika "mahari". Wapo wanaoiacha "h", wakasema "ama" wakikusudia "hama". Na katika Kiswahili tofauti ya "mti" na "miti" ni sauti moja tu. Si aibu kuzungumza kwa lafudhi ya kwenu. Lakini maisha ya mtu yasitegemee herufi moja.

Pili, kosa dogo halizai upungufu mdogo. Hapa tulinganishe na namba za ramani. Mahali fulani karibu na Fort Portal huandikwa 0.6713, 30.2751. Tarakimu ya nne baada ya nukta ni kama mita 11. Ukiikosea kwa moja, gari litafika umbali wa kuitana kwa sauti. Ukiikosea ya pili kwa moja, ni kilometa moja na kidogo. Namba hukosea kwa daraja, ndogo au kubwa. Maneno hayana daraja. Mraba ulio ubavuni mwako una maneno mengine kabisa, na neno moja likikosewa unaweza kupelekwa wilaya nyingine au bara jingine.

Tatu, simu yenyewe hukosea. Chini ya mikaratusi mirefu, ndani ya ghala la bati au bondeni, ishara za setilaiti hupungua, na simu huweza kuonyesha mahali palipo mita kadhaa kando. Mraba ni wa mita 3 tu.

Nne, maneno yanaonyesha mahali, hayaonyeshi njia. Turudi kwenye ajali yetu. Hata kama mpokea simu angeyaelewa maneno ya kijana yule, nani angemwambia dereva kwamba daraja halipo? Setilaiti haijui geti lipi limefungwa kwa kufuli, wala mfereji upi hauvukiki wakati wa mvua.

Tano, wengi wetu tuna simu ndogo za tochi. Hazina programu wala ramani. Je, anayechuma chai kwa simu ya tochi asiokolewe?

6. UFUNGUO UKO MKONONI MWA NANI?

Swali hili ni la chama cha wafanyakazi hasa. Orodha ya maneno yale matatu matatu, na kanuni ya kuyapanga, ni mali ya kampuni. Mtu wa kawaida anaweza kutumia programu bila malipo, lakini ofisi au kampuni nyingine haiwezi kutengeneza mfumo wake yenyewe kwa kutumia maneno yale bila idhini. Hatusemi kampuni ni mbaya. Tunasema tu kwamba anuani za watu zikifungiwa katika sanduku la mtu mmoja, yafaa kujua sharti za kulifungua.

Zipo anuani ambazo ufunguo wake uko wazi kwa wote. Ya kwanza ni latitudo na longitudo, ambazo hazina mwenyewe. Ya pili inaitwa Plus Codes. Ilitengenezwa na wafanyakazi wa Google huko Zurich na kutolewa mwaka 2014, na kanuni yake ni wazi: yeyote anaweza kuitumia bila kuomba. Hutumia herufi na tarakimu 20 zilizochaguliwa, bila irabu, ili zisiunde neno kwa bahati mbaya. Ile namba yetu ya karibu na Fort Portal, kwa mfumo huu, ni 6GGGM7CG+G2. Ukitaja mji ulio karibu unaweza kuacha alama nne za mwanzo, ukasema M7CG+G2 Fort Portal. Mraba wake ni kama mita 14 kwa mita 14. Ni mkubwa kuliko mita 3, lakini trekta lililopinduka halifichiki katika mita 14. Tena mahali palipo karibu karibu huwa na mwanzo unaofanana, kwa hiyo kosa la herufi ya mwisho halikupeleki mbali.

Huko Marekani, katika nchi ya Wanavajo upande wa Utah, nyumba nyingi hazikuwa na anuani za barabara. Kuanzia mwaka 2019 shirika moja lilianza kuzipa nyumba hizo Plus Codes na kuzibandika vibao. Tunasisitiza neno hilo: vibao. Hawakumwachia kila mtu atafute kwenye simu siku ya msiba.

Kuna njia ya tatu inayoenea duniani: simu yenyewe hutuma mahali ilipo, kimya kimya, pale unapopiga namba ya dharura. Ilianza Uingereza mwaka 2014, nayo sasa imo katika simu nyingi za kisasa. Lakini haifanyi kazi mpaka serikali na makampuni ya simu ya nchi yawe yameitayarisha. Hilo ni dai la vyama vyote kwa pamoja, na hatuwezi kulingojea huku watu wakiumia.

7. UBAO NI BORA KULIKO PROGRAMU

Kamati yenu imefikia shauri hili. Kila mahali pa kazi palipo mbali pawe na ubao wa kudumu, wa bati, wenye rangi inayoonekana usiku kwa taa ya gari. Kwenye ubao paandikwe mambo manne:

(a) Namba ya ubao, isiyorudiwa mahali pengine popote katika shamba zima.
(b) Anuani ya wazi, yaani latitudo na longitudo au Plus Code. Mkipenda, ongezeni na maneno matatu, yakiandikwa kwa lugha ambayo mpokea simu amekubali.
(c) Geti la kuingilia na njia ya gari wakati wa mvua.
(d) Namba za kupiga. Hapa Uganda ni 999 au 112, pamoja na namba ya zahanati ya shamba. Wenzetu wa Rwanda waandike 912 ya gari la wagonjwa.

Ubao wa namna hii husomwa na mwenye simu ya tochi sawasawa na mwenye simu ya bei kubwa. Hauishiwi chaji. Namba yake hupimwa mchana, kwa utulivu, na watu wawili wenye simu mbili tofauti, siyo usiku na mtu anayetetemeka.

Lakini ubao peke yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni daftari. Orodha ya mbao zote ipelekwe kituo cha polisi, hospitali iliyo karibu, kwa madereva wa magari ya wagonjwa, na kwa mwenyekiti wa LC wa kijiji. Kila anayepokea aonyeshwe, na atie sahihi kwamba ameelewa. Mara mbili kwa mwaka tujaribu: mtu apige simu, ataje ubao, na gari lije kweli. Daraja likivunjika, daftari libadilishwe wiki ile ile.

8. JINSI YA KUPIGA SIMU

Tujizoeze mkutanoni, wawili wawili, mmoja akiwa mpigaji na mwingine mpokeaji. Mfano ni huu:

"Halo, dada. Ni ajali ya trekta. Mtu mmoja amebanwa mguu, anatoka damu, anazungumza."

"Mko wapi, kaka?"

"Shamba la chai, ubao namba 7. Nasoma alama zake: M kama Mbarara, saba, C kama chai, G kama Gulu, jumlisha, G kama Gulu, mbili. Mji wa karibu, Fort Portal. Tafadhali nirudishie."

"M kama Mbarara, saba, C kama chai, G kama Gulu, jumlisha, G kama Gulu, mbili, Fort Portal."

"Ndiyo hivyo hivyo. Ingieni geti la juu, la chini halina daraja. Mtu mwenye tochi anawangoja getini. Namba yangu ndiyo hii ninayopigia, sitaizima."

Katika mazungumzo hayo kuna mambo matano ya kushika: taja kwanza kilichotokea, taja mahali polepole, mwombe mpokeaji arudishe uliyosema, eleza njia, na mtume mtu getini. Kama ni maneno matatu mnayotumia, yatamkeni silabi kwa silabi na kutaja herufi zenye shaka: "kalamu, L kama Lira." Kisha taja na wilaya na kijiji, ili maneno yakielekeza kwingine, kosa lionekane hapo hapo.

9. HAKI YETU NA WAJIBU WA MWAJIRI

Wasimamizi wengine watasema: "Hayo ni mambo yenu, nunueni rangi." Hapana. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 18 kwamba waajiri watakiwe kuandaa, pale inapohitajika, hatua za kukabiliana na dharura na ajali, pamoja na huduma ya kwanza ya kutosha. Kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Tangu Juni 2022 mkataba huo umehesabiwa kati ya mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuheshimu kanuni zake. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 nayo inamtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda walio kazini mwake.

Kwa hiyo matawi yapeleke madai haya kwa maandishi:

Kwanza, mbao ziwekwe kwa gharama ya mwajiri, na kamati ya usalama ya wafanyakazi ishiriki kuchagua mahali.

Pili, pasiwe na namba za fildi zinazorudiwa. Shamba lililounganishwa lipewe namba mpya.

Tatu, kila kundi la kazi liwe na simu moja ya shamba yenye chaji na salio, na mahali penye mtandao pajulikane na paonyeshwe kwa alama.

Nne, mfanyakazi anayeacha kazi kwenda getini kungoja gari la wagonjwa asikatwe mshahara wala kilo za majani.

Dai hili la nne ni dogo kwa macho, lakini tunajua sisi jinsi watu wanavyosita kuacha vikapu vyao.

10. JIBU LETU KWA MATAWI

Mmeuliza, je, tutumie maneno matatu? Jibu letu ni hili. Mwenye programu hiyo asiifute. Siku mtu anapoumia mahali pasipo na ubao, maneno matatu, au namba za ramani kutoka simu hiyo hiyo, ni bora kuliko "juu ya mto." Lakini kwanza ulizeni kituo chenu cha polisi na hospitali yenu: mnayapokea? Wakisema hapana, tumieni wanachokipokea. Wala msikubali mwajiri awaambie kwamba programu ya bure imemaliza wajibu wake.

Kule kulikotokea ajali yetu sasa upo ubao, umesimama pale pale kwenye mteremko. Uliwekwa baada ya barua mbili na kikao kimoja kirefu. Aliyeshika brashi kuandika namba alikuwa kijana yule yule ambaye maneno yake hayakusikilizwa. Mwenzetu aliyepoteza mguu, ambaye sasa hupima majani kwenye kibanda cha mizani, alikuja kwa magongo yake kuhakikisha namba imeandikwa sawa. Aliisoma kwa sauti mara mbili, nasi tukamrudishia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Katika sehemu yenu ya kazi, ni mahali gani ambapo mgeni hawezi kufika usiku bila mwenyeji?
2. Je, zipo namba au majina ya mahali yanayorudiwa? Yataje, myaandike.
3. Nani katika kundi lenu ana simu yenye ramani, na nani ana simu ya tochi? Wote wawili wangeitaje msaada leo?
4. Mpokea simu wa kituo chenu anapokea anuani ya namna gani? Chagueni mjumbe akaulize, alete jibu mkutano ujao.
5. Ni barabara, madaraja na mageti gani yasiyopitika wakati wa mvua?

Matawi yatakayoweka mbao yatuandikie, yaeleze yalivyofanya na yalipokwama, ili tuwajulishe wengine katika toleo lijalo.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Elimu